Diodi Nyekundu za Mjomba Hudson

Makwasinyi
14 Oktoba 2024

Mjomba Hudson,

Shikamoo. Huku tuko, Mungu anatuweka, ila goti la mama linanung'unika kila anapopanda kule kwenye bomba la maji. Mbuzi wa madoa amezaa mapacha, majike wote wawili, na mama amesema mmoja ni wako, lakini uje umchukue mwenyewe. Hatutamtuma kwa gari. Hiyo ndiyo njia yake ya kukuita, usijifanye hujaelewa. Pasaka hukuja, Agosti hukuja, na kanisani tumeanza kuulizwa kama tumekosana.

Haya, jambo lenyewe. Msimu uliopita ndovu walipita kwenye ndengu zetu mara moja tu, na hiyo moja ilitosha. Mama hakulia. Alikaa kizingitini akitoa miba kwenye leso yake, kisha akasema atapanda mara moja tena, vuli hii. Zikiliwa, anafunga nyumba, anakwenda kuanika mkonge huko upande wa Voi, na shamba aliloacha baba libaki la ndovu. Unamjua dada yako. Akisema kitu kwa sauti ya chini, ujue ameshaamua.

Kwa hiyo nimetengeneza mtambo. Ile honi ya lori uliyompa baba nimeifunga juu ya nguzo, na betri mbili chini yake. Kamba ya nailoni inazunguka shamba lote, mwisho wake umefungwa kwenye swichi ya taa ya breki ya pikipiki. Ndovu akiisukuma kamba, swichi inavutika na bodi ndogo ya elektroniki inaamka. Bodi haipigi honi mfululizo, maana ndovu huzoea kelele ya namna moja. Inapiga ovyo ovyo: fupi, fupi, ndefu, kimya, fupi. Kazi ya kuwasha na kuzima inafanywa na MOSFET, kidude cha miguu mitatu ambacho ni swichi isiyo na kitu cha kusogea ndani. Nilikijua ule mwaka mmoja wa kozi ya umeme, kabla baba hajafariki nikarudi nyumbani.

Shida ni kwamba zinakufa. Nimeua tatu. Honi inalia vizuri mara nne au tano, kisha inalia moja kwa moja, haizimiki mpaka nichomoe waya wa betri. Jirani ameniuliza kama tumefungua stendi ya mabasi. Nimebakiwa na MOSFET mbili. Wewe umekaa na honi za malori miaka thelathini na moja. Hebu niambie zinataka nini.

Nimekuandikia kwa sababu simu yako haipokei picha, na mchoro hausemwi kwa mdomo. Uko nyuma ya karatasi hii. Musyimi atakuletea, anapita na pikapu yake akienda soko la Maungu.

Mpwa wako,
Loice


Miasenyi
27 Oktoba 2024

Loice mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka dizeli na vitunguu, lakini imefika. Mwambie mama yako habari ya mbuzi nimeisikia na nimeielewa. Kazi ni nyingi, malori hayaniachi nipumue. Nitakuja mambo yakitulia. Binti yangu Everlyne amejifungua huko Taveta, mtoto wa kiume, na amempa jina langu, maskini ya Mungu.

Ugonjwa wako hauhitaji hata mchoro. Hizo MOSFET zenu mimi sizijui, ila koili naijua, ule waya uliozungushwa mara nyingi, na ndani ya honi kuna koili. Umewahi kusukuma mkokoteni wenye mitungi ya maji ukashika mteremko? Huwezi kuuambia simama ukasimama. Akitokea mtu mbele, atagongwa. Umeme ndani ya koili ndivyo ulivyo. Honi inalia, umeme unakimbia mle ndani, halafu MOSFET yako inaufungia njia ghafla. Haukubali. Unapanda nguvu kupita betri zako mara nyingi, unamgonga yule yule aliyefunga njia. Zamani kwenye platini, zile ncha za chuma za kukata umeme, tulikuwa tunaona cheche, na chuma huvumilia cheche. Kidude chako hakivumilii. Kinaungua ndani, kinabaki kimeungana, ndiyo sababu honi haizimiki.

Dawa yake ni diodi. Diodi ni mlango wa kupita upande mmoja. Uifunge ubavuni mwa honi, kutoka waya mmoja wa honi hadi wa pili, siyo katikati ya njia. Honi ikilia, mlango umefungwa, diodi imekaa tu. MOSFET ikikata, ule umeme uliobaki na mbio zake unapita mlangoni, unarudi kwenye honi, unazunguka humo humo mpaka uchoke. Hakuna anayegongwa.

Usiweke zile ndogondogo za redio, hii ni honi ya lori. Nimekutolea mbili kwenye alternata iliyokufa, ile mashine ya kuchaji betri ya lori. Zina mwili wa chuma kama kifuniko cha soda na mkia mmoja. Sasa sikiliza sana. Zenye alama nyekundu, mwili wake unakaa chanya. Zenye alama nyeusi ni kinyume chake. Nimekuchagulia nyekundu zote mbili. Mwili uunge kwenye waya wa chanya wa honi, mkia uunge upande wa MOSFET. Na uweke fyuzi karibu na betri, usicheze.

Mjomba wako,
Hudson


Makwasinyi
17 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo, na hongera ya mjukuu. Mama amecheka mpaka akashika mbavu, anasema kama amechukua jina basi amechukua na ukaidi. Mvua imeshuka vizuri. Barua yako imekaa kwa Musyimi siku nne kwa sababu korongo lilijaa na pikapu haikuvuka. Ndengu zimeota zote, mistari imenyooka, na mama anaamka kuzitazama kabla hajanywa chai.

Diodi ya kwanza nimeifunga ulivyosema, mwili kwenye chanya, mkia upande wa MOSFET. Nilipowasha, honi haikulia hata kidogo. Fyuzi ilikatika pale pale. Nikaweka nyingine, ikakatika. Nikajaribu diodi ya pili, ni yale yale, na MOSFET ikafa pamoja na fyuzi. Sasa nimebaki na moja.

Labda ni mimi. Alama za diodi zenyewe hazikuwa wazi sana, zilikuwa na masizi. Nikaona nikuulize kwanza kabla sijaua hii ya mwisho. Ndengu zinatoa maua mwezi ujao, na ndovu wameonekana kwenye lambo la ng'ombe.

Krismasi utakuja? Mama ameniambia nisiulize, kwa hiyo sijauliza.

Loice


Miasenyi
4 Desemba 2024

Loice,

Salamu kwa mama yako. Mimi mzima.

Hukufuata maagizo. Fyuzi ikikatika hapo hapo, diodi imefungwa kinyume, mlango umekaa wazi muda wote na moto wa betri unapita bila hata kugusa honi. Nimekwambia mwili chanya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimefunga umeme wa magari kabla mama yako hajaolewa, na sijawahi kumpa mtu diodi nyeusi nikamwambia nyekundu.

Nimekuwekea nyingine mbili, nyekundu. Uzifunge kama nilivyosema.

Krismasi kuna kazi.

Hudson


Makwasinyi
22 Desemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakutakia Krismasi njema hapo ulipo, na mama anakutumia maembe makavu, usigawe yote. Goti limepata nafuu. Ndengu ziko kwenye maua, nyuki wamejaa mpaka tunapita pembeni.

Nitakuambia jambo ambalo mwezi uliopita sikukuambia. Zile diodi mbili za kwanza hazikuwa na masizi. Zilikuwa na alama nyeusi, zote mbili, nyeusi ti. Niliziona mara tu nilipofungua bahasha. Nilizigeuza juani, nikazisugua kwa mate, nikajiambia, mjomba amesema nyekundu, basi ni nyekundu, labda ni joto la injini limezibadilisha. Mita ya kupimia umeme ilikuwa hapo mezani. Ningeipima diodi kwa dakika moja nikajua upande unaopitisha. Sikupima, kwa sababu niliona kupima ni kama kukuambia umekosea. Heshima hiyo imeniulia MOSFET moja na fyuzi tatu. Kosa ni langu, maana mwenye macho nilikuwa mimi.

Bahasha ya pili ilikuwa na nyekundu moja na nyeusi moja. Safari hii nilizipima zote. Nyekundu ndiyo niliyofunga. Mjomba, imekubali! Nimeiacha bodi ipige honi kuanzia saa nne asubuhi hadi adhuhuri, zaidi ya mara mia tatu, na MOSFET nikiishika haijapata hata uvuguvugu. Jirani alikuja kulalamika akakaa kuangalia. Yote uliyoniandikia juu ya koili ni kweli tupu, na bila hayo ningeua MOSFET mpaka uzeeni.

Lakini siandiki kwa ajili ya hilo tu. Barua yako ya mwisho ina mistari inayopandana. Neno "maagizo" umeliandika juu ya neno lingine, imenichukua muda kuyatenganisha. Musyimi anasema amekupita mara mbili umekaa nje ya duka lako na mlango umefungwa, mchana, siku ya kazi. Alikupungia mkono hukuitika, akadhani umemkasirikia.

Nakuuliza kwa adabu zote, na ukitaka ukasirike. Tangu lini huoni vizuri? Mama sijamwambia. Nimeogopa kukuandikia haya kuliko ninavyoogopa ndovu.

Loice wako


Miasenyi
11 Januari 2025

Loice,

Marahaba. Mkono unaousoma siyo wangu, ni wa Kathini, huyu jirani anayeuza uji na mahamri hapa barabarani. Nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asiongeze kitu.

(Habari Loice. Nitaongeza nikiona inafaa. Kathini.)

Barua yako alinisomea yeye. Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Kisha nikaona nimemkasirikia mtoto kwa sababu amesoma mita.

Ilianza mwezi wa tatu mwaka jana. Kwanza ukungu, nikadhani ni vumbi la barabara. Kisha rangi zikaanza kupotea moja baada ya nyingine, nyekundu ikiwa ya kwanza. Nikawa nafanya kazi kwa vidole, na vidole vyangu vinajua mengi. Mwezi wa saba nikamfungia dereva mmoja waya wa chanya mahali pa hasi. Hakuna aliyeumia, ila nilinusa plastiki ikiungua na sikuona moshi unatoka wapi. Tangu siku hiyo nafungua duka asubuhi nakaa nje. Hakuna kazi nyingi. Hakuna malori yanayonizuia.

(Yanasimama. Yeye anawaambia madereva fundi amesafiri.)

Makwasinyi sikuja kwa sababu ningeshuka kwenye pikapu mbele ya watu na kushikwa mkono. Dada yangu angeona kabla sijaitikia shikamoo za watu. Nimemlea huyo baada ya mama yetu kuondoka. Sikutaka anione hivyo. Hospitali nayo naiogopa, jicho si alternata, ukiliharibu huendi kwa mtu wa vyuma chakavu kununua lingine.

(Nimemwambia ni mtoto wa jicho, baba yangu alikuwa nao Kibwezi, akatolewa, mpaka leo anachagua maharage. Hasikii. Mficha maradhi kilio humfichua.)

Basi, umejua. Sasa niache na hilo, niambie honi inafanyaje. Hapa nawaza ndengu za dada yangu kila saa, na diodi moja nyekundu. Hiyo moja nashukuru niliipatia, japo kwa bahati.

Hudson


Makwasinyi
30 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo kwa Kathini pia, mwambie aandike anavyotaka.

Walikuja. Ilikuwa Jumamosi iliyopita, jua bado liko juu ya mlima, tuko katikati ya kuvuna. Walikuwa saba, mmoja mdogo. Mama alikuwa upande wa chini na gunia, mimi niko karibu na nyumba. Tuliwaona wakitoka kichakani polepole, na yule mkubwa akaweka kifua kwenye kamba kana kwamba haipo.

Honi ikalia. Fupi, fupi. Wakasimama. Nikajiambia hapo ndipo MOSFET zilipokuwa zinafia, mara ya nne, ya tano. Ikalia ndefu, ikanyamaza. Yule mkubwa akainua mkonga, akanusa huku na huku, nafikiri alikuwa anatafuta hilo lori liko wapi. Ikalia tena, fupi, fupi, fupi, ndefu. Nilikuwa nahesabu, Mjomba, siyo ndovu, nilikuwa nahesabu mara ngapi MOSFET imekata na kupona. Nilifika kumi na tisa. Hapo mama ndovu akamsukuma mdogo kwa mguu wa mbele, wakageuka wote, wakaondoka upande wa lambo kwa haraka yao ile isiyo na makelele. Honi ikanyamaza yenyewe kama nilivyoiambia.

Mama alikuwa amekaa chini kwenye ndengu. Nilikimbia nikidhani goti. Alikuwa analia na kucheka pamoja, ananiambia, "Mwambie Hudson. Andika sasa hivi, mwambie Hudson!" Nilimwambia nitakuandikia, kisha nikamwambia na yale mengine. Nisamehe. Sikuweza kushika siri hiyo nikiwa namwangalia usoni.

Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Ameficha mwaka mzima?" Kisha akaingia ndani akapanga leso zake.

Tumevuna magunia manne na kidogo. Nilimwuliza kama bado anakwenda kwenye mkonge. Akasema tutaona, mvua ya masika haijaitwa na mtu. Kwa hiyo bado sijui.

Ninachojua ni kwamba Jumanne ijayo tunakuja huko, mimi na yeye, na pikapu ya Musyimi. Tunakupeleka Voi kwenye kliniki ya macho, Kathini ameshatuulizia siku, kanipigia simu. Mama amesema nikuandikie maneno yake kama yalivyo: "Alinishika mkono mimi nikiwa na miaka sita tukivuka barabara kwenda shule. Sasa ni zamu yangu, na asinisumbue." Mjomba, usifunge mlango.

Loice


Miasenyi
9 Aprili 2025

Loice mwanangu,

Marahaba kabla hujaniamkia. Mkono huu ni wangu. Utaona mistari imenyooka, na nimeandika haya bila kutumia rula, Kathini ni shahidi na ananuna kwa kukosa kazi.

Nimerudi salama kutoka kwenu. Jicho la kulia, lile lililofanyiwa operesheni Voi, linaona mpaka namba za malori yakiwa bado mbali, la kushoto litafanywa mwezi wa sita. Jambo la kwanza nililofanya nilipofungua duka ni kumwaga kopo langu la diodi mezani na kuzitenga. Mwanangu, nyeusi zilikuwa nyingi kuliko nyekundu. Ile moja niliyokutumia naona Mungu mwenyewe ndiye aliyetia mkono kwenye kopo. Hata hivyo nimezipima zote kwa mita baada ya kuziangalia. Hilo nimejifunza kwako.

Wiki tatu nilizokaa kwenu nikiuguza jicho nilipanda kwenye ile nguzo mara mbili, usimwambie daktari. Kazi yako ni safi. Maungio hayana kutu, na diodi umeifunga karibu kabisa na honi kama fundi anayejua anachokimbiza. Sikupata cha kurekebisha, nikashuka nimekasirika kidogo. Wale jirani zako watano wanaotaka honi kama yako, waambie ndiyo. Honi nitazipata mimi, za malori yaliyokatwa, na diodi nitazichagua mwenyewe kwa jicho langu. Wewe utakuja hapa siku mbili kwa wiki tutengeneze. Ila kwanza utanikalisha kwenye kiti unifundishe hiyo MOSFET kuanzia mguu wa kwanza. Nimekuandikia kurasa nzima juu ya kitu kinachouawa bila kujua chenyewe kinaishije, na aibu ya namna hiyo haipendezi kwa mtu wa umri wangu.

Sasa hili lingine. Najua unangoja mama yako aseme kama anabaki au anakwenda, na umeniambia mara mbili kwamba hasemi. Hatasema. Lakini asubuhi ile ya mwisho, wewe umeteremka kuchaji betri, mimi na yeye tulikwenda shambani kupanda. Alipofika kwenye mstari wa juu kabisa hakusimama. Akaongeza mmoja, na mwingine, akiingia ile sehemu inayogusana na kichaka, pale mabua ya zamani yalipoozea yakiwa yamesimama. Nilikuwa naona kila kitu, Loice, hata mbegu mkononi mwake. Nikamwuliza, hapa mlipanda lini mara ya mwisho? Akasema, "Alipokuwa hai mwenye shamba." Kisha akanitupia ncha ya kamba ya kunyoosha mistari.

Nikaishika upande wangu nikaivuta, na tukaenda hivyo mpaka kichakani.

Mjomba wako,
Hudson